Macho Makavu Yanayotoa Machozi

Daktari aliponiambia macho yangu yamekauka, leso niliyoshika ilikuwa imelowa machozi yangu mwenyewe. Ndani ya hiace asubuhi ile yalikuwa yakinitiririka hadi kondakta akaniuliza, "Pole mzee, una msiba?" Sasa huyu binti, umri wa mwanangu wa kwanza, ananiambia nimekauka. Niliona hajanisikiliza.

Ilikuwa Januari 2014. Nilikuwa nashonea kwenye baraza la duka moja Moshi mjini, na fundi yeyote anaujua mwezi huo. Shule zinafunguliwa, wazazi wanaleta vitambaa vya sare kwa mpigo, na kila mmoja anataka Jumatatu. Vumbi la kiangazi linapita barazani siku nzima. Kingo za kope zangu zilikuwa nyekundu, zimevimba, na zina ukoko kama mba kwenye mizizi ya nywele. Mchana nilihisi mchanga ndani ya macho. Asubuhi kope ziligandana kwa tongotongo, nikabaki kitandani nikimngoja Mama Neema aje na maji ya uvuguvugu anilainishie ndipo nifumbue.

Maumivu niliyavumilia. Lililonikata maini ni mteja wangu wa miaka mingi, mama niliyemshonea watoto wake wote. Alinitazama usoni, akakikunja kitambaa chake na kukirudisha kwenye mfuko. "Fundi, nitapita baadaye." Hakupita. Kwetu mtu akionekana na macho mekundu saa nne asubuhi, watu wanajua ni mbege. Mimi sijawahi kunywa.

Nilikuwa nimejaribu dawa ya matone niliyouziwa duka la dawa bila cheti. Ilinipa nafuu siku chache, kisha hali ikarudi vilevile, nami nikanunua chupa nyingine. Daktari alipoisoma ile chupa uso wake ulibadilika. Ndani yake mlikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Alinieleza taratibu kwamba dawa hizo zina kazi yake, ila mtu akizitumia kiholela kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ndani ya jicho hadi aharibikiwe na mshipa wa kuonea, au zikamletea mtoto wa jicho. Akanipima presha palepale. Ilikuwa sawa. Nilishusha pumzi ambayo sikujua nimeibana.

Kisha akagusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa ndani ya kope yangu ya chini, akaniegemeza kidevu kwenye mashine, akawasha mwanga wa buluu.

"Usipepese, baba." Akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akanyamaza.

Jicho zima, aliniambia, linafika sekunde 10 na kuzidi kabla utando wa machozi haujachanika. Langu lilichanika kwenye 4. Machozi si maji matupu. Juu yake hutanda mafuta membamba, kama yanavyotanda juu ya supu, ili maji yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vilivyopangwa ukingoni mwa kope, 25 hadi 40 juu na 20 hadi 30 chini. Vyangu vilikuwa vimeziba. Maji yakikauka jicho linachomeka, nalo likichomeka linajihami kwa kumwaga machozi mengi yasiyo na mafuta ya kutosha. Hayo ndiyo yaliyolowesha leso.

Bado nilikuwa mbishi. Akaminya ukingo wa kope kwa kijiti cha pamba, akanionyesha kilichotoka: uji mweupe mzito kama dawa ya meno. "Haya yangetakiwa yatiririke kama mafuta ya kula, baba."

Hapo nikanyamaza.

Nilitegemea sindano, au vidonge vya maana. Alichoandika cha kwanza ni kitambaa cha moto. Nichovye kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono unayastahimili, nikamue, nifunike macho niliyoyafumba, nirudie kukichovya kila kinapopoa, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Kisha nikande kope kwa kidole kuelekea kwenye nywele zake: ya juu kushuka, ya chini kupanda. Mwisho nifute kingo kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Akaongeza matone ya machozi ya kutengenezwa. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. "Ukikodolea sindano unasahau kupepesa. Kila ukimaliza mshono mmoja, inua mguu kwenye pedali, ufumbe na kufumbua polepole."

Nikamuuliza nitapona lini. Hakunidanganya. Alisema hali hii hutulizwa, na mara nyingi hurudi mtu akiiacha, kwa hiyo niifanye kama ninavyopiga mswaki.

Jioni ile nililala mkekani. Mama Neema alimimina maji kutoka chupa ya chai, akanifunika macho kwa kipande cha taulo, akashika saa yangu ya mkononi. Nikawasikia watoto wakinong'onezana mlangoni kama baba analia. Wiki mbili za kwanza sikuona tofauti kubwa, nikataka kuacha. Yeye ndiye aliyekataa.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, niliamka yeye akiwa bado amelala. Nikafumbua macho mwenyewe.