Siku kumi na mbili Naha

Nilitoka Dar usiku, nikabadilisha ndege Doha, nikabadilisha tena Tokyo, na nilipotua Naha, mji mkuu wa Okinawa, mkoa wa visiwa kusini mwa Japani, kilichonipokea kwanza ni joto. Joto la Dar la mwezi Machi kabisa, lile linalokulowanisha shati kabla hujafika kituoni. Ilikuwa Juni 2024. Nina miaka kumi na tisa kwenye karate ya Goju-ryu, na muda wote huo nimekuwa nikitamka majina ya Kiokinawa kila jioni bila kupaona yanakotoka. Goju-ryu yetu ilianza kufundishwa Dar miaka ya 1970 na Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, na walionifundisha mimi ni wanafunzi wa wanafunzi wake. Kwa hiyo safari hii niliiona kama ya mtu anayekwenda kijiji cha babu yake kwa mara ya kwanza.

Wageni wanaoingia dojo kwetu, yaani ukumbi wetu wa mazoezi, huwa tunawasimulia hivi: Wajapani waliivamia Okinawa, wakawanyang'anya wakulima silaha, wakulima nao wakajifunza kupigana kwa mikono mitupu usiku, kwa siri. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kwa hamasa. Asubuhi ya kwanza nilipanda treni ya juu hadi Shuri, lilipokuwa kao la wafalme wa Ryukyu, ufalme wa zamani wa visiwa hivi, na huko ndiko hadithi yangu ilikoanza kubomoka.

Ryukyu ulikuwa ufalme kamili tangu 1429, ukifanya biashara na China, Japani na nchi za kusini mashariki mwa Asia. Uvamizi ni kweli ulitokea: jeshi la Satsuma lilikuja kutoka Japani mwaka 1609, na mwaka 1879 ufalme ukafutwa na kuwa mkoa wa Japani. Lakini mabingwa wa karate tunaowajua kwa majina wengi wao hawakuwa wakulima. Walikuwa watu wa ikulu, wenye vyeo na elimu. Matsumura Sokon, ambaye mitindo mingi ya Shuri inarudi kwake, aliwatumikia wafalme wenyewe. Walijifunza kwa sababu kazi yao ilikuwa kulinda, na kwa sababu China, walikosafiri na kusoma, ilikuwa na sanaa hizo tayari.

Kasri la Shuri lenyewe sikuliona. Liliharibiwa vitani mwaka 1945, likajengwa upya na kufunguliwa 1992, kisha likaungua usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 2019. Nilichokuta ni banda kubwa la ujenzi lenye vioo, na ndani mafundi wakiunganisha mbao. Wenyeji walisimama kwenye vioo wakitazama kimya, wengine na watoto wao, kama watu wanaomtazama mgonjwa anayepata nafuu.

Kesho yake nilishuka kwa miguu hadi Kume, mtaa ambao mwaka 1392 walianza kukaa Wachina waliotumwa kutoka Fujian: waandishi, wakalimani, mabaharia. Karibu na hapo iko bustani ya Matsuyama, na ndani yake jiwe la kumbukumbu la watu wawili, Kanryo Higaonna na Chojun Miyagi. Nilikaa pale karibu saa nzima. Higaonna, aliyezaliwa 1853, alivuka bahari kwenda Fuzhou, mji wa China, akajifunza huko kwa miaka, akarudi Naha na kufundisha hadi alipofariki 1915. Miyagi alikuwa mwanafunzi wake. Jina la Goju-ryu lilikuja baadaye sana, tena kwa aibu kidogo: mwaka 1930 mwanafunzi mkuu wa Miyagi, Jin'an Shinzato, alikwenda kuonyesha karate Tokyo, akaulizwa mtindo wake unaitwaje, hakuwa na jibu. Aliporudi, Miyagi akatoa jina kwenye mstari wa Bubishi, kitabu cha Kichina ambacho watu wa Okinawa walikuwa wakikinakili kwa mkono: pumzi inayoingia na inayotoka ina ugumu na ulaini. Go ni ngumu, ju ni laini.

Nikajifunza pia jambo lililonisikitisha. Neno karate zamani liliandikwa kwa herufi zenye maana ya mkono wa China. Tarehe 25 Oktoba 1936 mabingwa walikutana hapa Naha, wakakubaliana liandikwe mkono mtupu. Siku hiyo sasa ni Siku ya Karate Okinawa. Nami nimekuwa nikisema "mkono mtupu" kwa majivuno tangu utotoni. Lakini 1936 Japani ilikuwa inaelekea vitani na China, na kwa maoni yangu shukrani kwa mwalimu wa zamani ilifutwa kwa kalamu. Mtu aliyevuka bahari kwenda Fuzhou hakujifunza utupu.

Dojo niliyofanyia mazoezi iko chini ya nyumba ya mwalimu. Juu wanaishi, chini ni chumba cha mbao kisichozidi sebule mbili za Sinza. Mwalimu ana miaka themanini na tatu. Tulikuwa tisa, na mkubwa baada ya mwalimu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu aliyefika kwa baiskeli. Ukutani kuna makiwara, ubao wa kupigia ngumi uliofungwa kamba. Sakafuni kuna chi ishi, kipande kizito cha saruji chenye mpini mmoja wa mti, na mitungi miwili ya udongo iliyojazwa mchanga. Mitungi hiyo huishiki kwa mpini, maana haina. Unashika mdomo wake kwa ncha za vidole vitano, mkono umeshuka, na unatembea. Nilidhani nina mikono. Kwetu vijana wanaobeba vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi wana mikono kunizidi, nami sikuwa nyuma sana. Nilipiga hatua sita, mtungi wa kushoto ukaanza kuteleza, nikauweka chini taratibu kwa hofu ya kuuvunja. Bibi akachukua ile ile, akaenda hadi ukutani na kurudi, huku akiongea na mwenzake.

Kisha tukasimama sanchin, moja ya kata, yaani mfululizo wa miendo uliopangwa. Jina lake maana yake vita vitatu, na ukiitazama huoni kitu: hatua tatu mbele, ngumi polepole, mkono unarudi, unageuka. Hata mtoto anaikariri kwa siku moja. Sisi Dar huifanya kwa kishindo cha pumzi, koo linakoroma hadi mtu wa nje anasikia. Nilikoroma. Mwalimu akazunguka nyuma yangu, akanishika mabega kwa viganja, akashuka mbavuni, akanipiga paja kofi moja kavu. Akasema kitu. Kijana aliyekuwa akinitafsiria akasita kidogo: "Mwalimu anasema unapumua ili yeye akusikie."

Akaweka kiganja chini ya kitovu changu, akanionyesha kwamba pumzi ianzie pale. Akapiga magoti, umri ule, akanivuta kidole gumba cha mguu kwa mkono wake mpaka kikaishika sakafu. Tulirudia hatua ile ile moja kwa dakika arobaini. Sijawahi kuchoka hivyo kwa kusimama.

Siku nyingine tulifanya matumizi, yaani kuzifungua kata na kuona kila mwendo unajibu shambulio gani. Kata zote tulizozipitia zilianza na kujikinga. Bibi akanipa mkono nimkamate kifundo kwa nguvu zangu zote. Hakuvutana nami. Aliingia, akasogea kifuani kwangu, mkono wake ukajikunja kama anavyojikunja mtu anayejikuna bega, na kifundo changu ndicho kikawa kwenye kona mbaya. Alipoona nimepiga goti akaniachia na kurudi nyuma hatua mbili, mikono juu, akitazama mlango. Mwalimu akasisitiza hizo hatua mbili kuliko mkunjo wenyewe. Ukishatoka mkononi mwa mtu, kazi imekwisha, ondoka. Miaka yote nimefundisha wasichana wa mtaani kwetu mkunjo, na mlango sijawahi kuwaonyesha.

Tarehe 23 Juni hakukuwa na mazoezi. Ni siku ya kuwakumbuka waliokufa kwenye Vita vya Okinawa, na kijana yule alinichukua hadi Mabuni, kusini mwa kisiwa, juu ya majabali yanayotazama bahari. Pale kuna safu za mawe meusi yenye majina zaidi ya 240,000: Waokinawa, Wajapani, Wamarekani, Wakorea, wote pamoja. Familia zilikaa chini ya jua kali mbele ya mawe, zikiweka maua, zikimimina maji, mzee mmoja akipitisha kidole kwenye jina herufi kwa herufi. Saa sita kamili mchana kila mtu akanyamaza.

Mapigano ya Wamarekani na Wajapani kwenye kisiwa kikuu yalianza Aprili 1945, na inakadiriwa kwamba kati ya wenyeji, mmoja kwa kila wanne hakutoka hai. Shinzato, yule aliyeulizwa jina la mtindo, alikufa mwaka huo. Miyagi alitarajia awe mrithi wake. Maandishi ya Miyagi yaliteketea. Alipoanza tena kufundisha hakuwa na karatasi, alikuwa na mwili wake tu na miili ya wanafunzi waliobaki, na alifariki 1953. Pale Mabuni ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu alipiga magoti kushika kidole changu cha mguu. Kidole kile kilikaa vile kwa Miyagi, na kabla yake kwa Higaonna, na hakuna mahali pengine kilipoandikwa.

Jioni ya mwisho nilisimama sanchin peke yangu, wengine wamekaa ukutani. Nilianza chini ya kitovu. Nilisikia feni na gari likipita nje. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza na kuinama, hakusema lolote, alichukua kitambaa cha kupigia deki, akanipa. Nikaanzia kona ya makiwara, pale jasho langu lilipokuwa limedondoka zaidi.