Nikisimama Naanguka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la juma hili ni Mwanzo 13, mstari wa 5 hadi wa 9. Lisome kwanza, ni fupi. Mimi nililisoma Jumatano usiku, nikalala nalo vizuri kabisa, na Alhamisi saa moja kasoro asubuhi nikalivunja pale Buguruni.

Nilikuwa kwenye gari, Barabara ya Mandela, nikitokea TAZARA. Foleni ilikuwa imeshikana kama ilivyo kila siku: malori ya kontena ya bandarini, daladala zinazochomekea, bodaboda wanaopita kila penye upenyo. Kushoto kwangu akaja kijana na baiskeli ya mkaa. Mnaokaa Dar es Salaam mnaijua picha hii: magunia yamefungwa kwa mipira juu ya keria na ubavuni mpaka mwenye baiskeli mwenyewe haonekani ukiwa nyuma yake. Wanatoka huko Kisarawe usiku, wanashuka Pugu na Gongo la Mboto, na kunapokucha wako mjini. Gunia lake likakigusa kioo changu cha pembeni, kikajikunja. Hakikuvunjika. Hata mkwaruzo haukuwepo. Lakini nilishusha dirisha nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa, maana nawajua wanaosoma tafakari hii. Mwisho nikamwamuru asimame.

Hakusimama. Aligeuza shingo nusu akasema, "Nisamehe mzee wangu, nikisimama naanguka." Akaendelea kukanyaga.

Hilo neno nililijua kabla hajalisema, ndiyo maana limenichoma. Kabla sijapata gari niliendesha baiskeli miaka sita katika jiji hili. Baiskeli yenye mzigo ule inasimama kwa sababu inatembea. Ikikosa mwendo inayumba, ikiyumba inalala, na ikilala mtu mmoja haiinui: ni kufungua mipira, kushusha magunia, kuisimamisha, kupakia upya. Yote hayo katikati ya Mandela, huku lori lenye tela linamhemea mgongoni. Nilikuwa namdai kitu ambacho kwangu mimi ni kugusa breki tu.

Sasa turudi kwa Abramu. Ametoka Misri na mali nyingi, ng'ombe, fedha na dhahabu. Lutu, mtoto wa ndugu yake, naye ana makundi yake na hema zake. Wako kati ya Betheli na Ai, na Biblia inasema wazi kwamba nchi ile haikuweza kuwabeba wote wawili. Ukaanza ugomvi. Waliogombana ni wachungaji. (Wa mifugo. Nyie mnaocheka nimewaona.)

Angalia jambo hili, maana miaka mingi nimelipita bila kuliona. Maandiko hayasemi wachungaji wa Lutu walikuwa na kiburi, wala kwamba wa Abramu walikosa upendo. Yanataja nafasi. Palikuwa padogo. Watu ambao wangeweza kukaa kijiji kimoja miaka arobaini bila neno waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha wao na mifugo yao. Mtu anaposema "waendesha baiskeli ni wakorofi" au "madereva wa mjini hawana utu", huwa namkumbusha Betheli. Nenda kaipime barabara. Lami ina upana wake, na ukingoni upande wa kushoto, pale ambapo mwenye baiskeli anatakiwa apite, kuna mchanga, kuna shimo, kuna mtaro uliokosa mfuniko, kuna bodaboda watano wanasubiri abiria, na daladala imeingia kituoni kwa pua tu huku mkia umebaki barabarani. Mwenye baiskeli akihama kwenda katikati, dereva aliye nyuma anaona jeuri. Shimo halioni, kwa sababu shimo liko mbele ya yule, si mbele yake.

Abramu alikuwa na haki zote. Ni mkubwa kwa umri, ni baba mdogo au baba mkubwa, hilo kila ukoo una namna yake. Ni yeye aliyeitwa. Sura moja tu nyuma ameahidiwa kwamba uzao wake utapewa nchi ileile. Angeweza kupiga honi. Badala yake anasema: nchi yote iko mbele yako, ukienda kushoto mimi nitakwenda kulia, ukienda kulia mimi nitakwenda kushoto. Aliye mzito ndiye aliyepisha kwanza. Wala hakungoja Lutu aombe radhi.

Uzito ni jambo la kweli barabarani, si mfano wa mahubiri tu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ule ulioandikwa kwenye vibao vya mjini, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ndiyo muda wa kuchungulia simu uone nani anapiga. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani watu wasio na bati la kuwazunguka. Mimi na kijana wa mkaa tukigongana, mmoja anakwenda kwa fundi na mwingine anakwenda Muhimbili. Kwa hiyo tukigombana, hatugombani kama watu wawili walio sawa, hata kama kosa ni lake.

Na kosa linaweza kuwa lake. Sitaki mtu asome hapa akadhani namfanya mwenye baiskeli malaika. Wapo wanaokuja kinyume, tena gizani, bila taa wala kiakisi mwanga, wamevaa nguo nyeusi, na breki yao ni kandambili kwenye tairi la nyuma. Wapo wanaokata kona bila hata kunyoosha mkono. Mpendwa unayeendesha baiskeli, wewe pia una aliye mdogo kwako: yule mama anayetembea na ndoo ya samaki pembeni, ambaye unampigia kengele kama vile mimi ninavyokupigia honi.

Na kuna moja ambalo nawasihi wapanda baiskeli kwa machozi kabisa. Usijipenyeze kushoto kwa lori kwenye mataa. Dereva wa lori amekaa juu, upande wa kulia, na ubavu wa kushoto karibu na kichwa cha gari kuna mahali ambapo macho yake na vioo vyake havifiki. Hakuoni. Akikata kushoto, matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele, yanakata kwa ndani, yanafuta kona yote. Wewe uko kwenye hiyo kona. Baki nyuma yake, mahali unapoviona vioo vyake. Usipoviona vioo vyake, naye hakuoni.

Tuendelee na Abramu kidogo, kwa sababu dawa yake inanishangaza kuliko wema wake. Hakuitisha maombi ya upatanisho halafu wakaendelea kubanana palepale. Alitenganisha njia. Aliona kwamba undugu wao utapona kila kundi likipata mahali pake. Kumbukumbu la Torati 22:8 ina roho hiyohiyo: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Dari zao zilikuwa bapa, watu walikaa huko jioni wakipunga upepo. Mungu hakumwambia mwenye nyumba awaombee wageni wasianguke. Alimwambia ajenge.

Sisi walokole tunapenda sana kuombea safari. Nakubali, ombeeni. Lakini katika miaka yangu yote sijasikia ombi la toba kwa ajili ya barabara iliyojengwa bila mahali pa baiskeli. Tunaposikia habari za Uholanzi tunadhani wale watu wamezaliwa juu ya baiskeli. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kupiga kelele, na njia nyingi wanazojivunia leo zilikuja baada ya kelele zile. Hapa kwetu mradi wa mwendokasi ulioanza kazi mwaka 2016 ulijenga njia ya baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro. Kazi nzuri. Ila pita siku moja uone: mara gari limeegeshwa juu yake, mara meza ya viatu vya mtumba, mara pikipiki zinakuja kwa kasi. Ukingo umejengwa, nasi tumeanika nguo juu yake. Na gari lililoegeshwa pale, wapendwa, nyuma lina stika ya Nenda kwa Usalama, na juu ya stika pameandikwa YESU NI BWANA.

Hapo ndipo huwa namkumbuka Yehu. Katika 2 Wafalme 9:20 mlinzi aliye mnarani anaona gari linakuja kwa mbali. Uso hajauona. Lakini anasema uendeshaji ule ni wa Yehu mwana wa Nimshi, maana anaendesha kama mwenye wazimu. Alitambulika kwa mwendo. Nimejiuliza juma zima: kijana yule wa mkaa akiulizwa leo, atasema Alhamisi alikutana na nani? Hakuona Biblia yangu kwenye kiti cha nyuma. Alisikia mdomo.

Mstari wa 7 una neno dogo ambalo nusura nilisahau. Palepale penye ugomvi, mwandishi anaongeza kwamba Wakanaani na Waperizi walikuwa wakikaa katika nchi siku zile. Kwa nini atuambie? Nadhani kwa sababu walikuwa wanatazama. Pale Buguruni walinitazama muuza karanga, konda wa daladala na wanafunzi wawili, na mmoja wao, kama sikosei, alikuwa anatabasamu.

Msidhani pia kwamba ukipisha utashukuriwa. Lutu hakusema asante. Aliinua macho akaliona bonde la Yordani lenye maji tele, akalichukua, akaenda zake, akapiga hema zake mpaka Sodoma. Utampisha mwenye baiskeli, naye atapita akiangalia mbele kama vile hukuwepo. Huenda ana mawazo ya deni la mkaa. Sura ya 14, Lutu anatekwa, na anayemfuata ni Abramu yuleyule, na watu 318 wa nyumbani mwake. Kupisha hakukumfanya aache kuwa ndugu.

Kwa wenye magari, kuna zoezi moja la juma hili, na ni la mkono. Ukiegesha, usifungue mlango wako kwa mkono wa kulia ulio karibu nao. Ufungue kwa mkono wa kushoto. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa: mwili wote utageuka, bega litazunguka, na macho yatakwenda nyuma yenyewe, kwenye kioo na barabarani, kabla mlango haujafunguka. Mlango uliofunguliwa ghafla ni ukuta kwa mwenye baiskeli. Na abiria wako wa kushoto mwambie asubiri umchungulilie, hasa watoto wanaoruka kabla gari halijatulia.

La mwisho linahusu uwanja wetu wenyewe. Yuko mzee mmoja wa kanisa, wengi mnamfahamu, anakuja ibada ya kwanza na baiskeli yake ya tangu ujana, haina gia, ina dinamo ambayo haifanyi kazi. Miaka yote anaifunga kwenye mwembe. Jumapili iliyopita nilimwona mlinzi anamwomba aihamishe kwa sababu pale chini ya mwembe pana kivuli kizuri cha magari. Mzee akaihamisha, hakusema neno. Akaiegemeza ukutani karibu na vyoo. Mimi nilikuwa nashuka kwenye gari langu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaingia ndani kuimba.

Jana jioni nilikwenda pale kanisani na futi ya fundi. Mahali panapoegeshwa gari moja pangetosha baiskeli nane, kumi ukizibana, na bomba mbili za kufungia mnyororo si gharama ya kuitishia harambee. Kamati ya majengo inakaa Jumatano na nimeomba jambo hili liingie kwenye ajenda. Mlinzi nimeshamwambia ile nafasi ya kwanza kushoto ukiingia langoni, chini ya mwembe, ninayoegesha mimi kila Jumapili, asiniwekee tena.