Kutu ya Bweni: nilivyoipangia bei Land Rover ya marehemu

Mwaka 2016 nilinunua Volkswagen ya mgongo wa chura kwa sababu ya rangi. Nalisema hili mapema ili mjue mnayemsoma si mtaalamu wa magari, ni mwalimu wa kemia wa sekondari hapa Tanga aliyewahi kulizwa. Gari lilikuwa jekundu linawaka, dalali kalifuta mpaka tairi zinang'aa, nami nikatoa pesa bila hata kuinama. Miezi minne baadaye, katikati ya Ngamiani, nikasikia kitu kinakwaruza lami huko nyuma. Betri. Kwenye magari yale betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi ikivuja mwaka baada ya mwaka inakula bati la sakafu. Mimi ninayefundisha asidi na metali kila mwaka nilikuwa nimelikalia jaribio zima bila habari. Fundi bodi alipoanza kukwangua, puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, ilibanduka vipandevipande kama ganda la yai la kuchemsha, na nyuma ya puti akakuta gazeti limeshindiliwa. Ukurasa wa michezo.

Tangu siku ile siendi kuangalia gari bila nyundo ndogo, sumaku iliyofungwa kitambaa, bisibisi kuukuu na kanga ya kulalia chini. Na fundi, bila shaka. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache, na machache yenyewe ni makali.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu akaniambia kuna Land Rover 109, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imelala Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwa mjane. Bei milioni 18. Baba yangu aliendesha 109 ya shamba la mkonge kule Muheza, na mimi nimejifunza kuhesabu kwa kuhesabu geti za shamba nikiwa kiti cha katikati. Kwa hiyo moyo ulikuwa umeshanunua kabla sijapanda kivuko. Nikamwambia fundi, kazi yako leo ni kunizuia mimi, gari liangalie baadaye.

Tulipokelewa na kijana wa marehemu, mcheshi, karibu miaka thelathini. Gari lilikuwa chini ya mti wa mkungu, pua imeelekea baharini, magurudumu yamezama mchangani hadi kwenye ringi.

"Hii ya mwaka 1962, Mwalimu. Ya mwaka wa Jamhuri."

Ningependa iwe hivyo. Lakini taa za mbele zilikuwa kwenye madigadi, gridi ni ya plastiki, na mita ziko mbele ya dereva. Zile za miaka ya sitini zina gridi ya waya, na mita zake zimekaa katikati ya dashibodi. Hii ilikuwa Series III, yaani toleo la tatu, na Series III zimetengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kweli, Land Rover hubadilishana viungo kama ndugu wanavyoazimana mashati, kwa hiyo sura peke yake si ushahidi. Fundi akapiga brashi ya waya kwenye chesisi, mbele kulia, pale springi inaposhikwa, akasugua chaki juu yake. Tarakimu zikajitokeza moja moja, nyeupe juu ya weusi. Zikalingana na kadi ya gari, na kadi ilisema 1975.

Kijana alinyong'onyea kidogo. Mimi hata sikusikitika. Ya zamani zaidi ina bei ya fahari, wapo wanaoilipia. Mimi nataka ya kuendesha, na gia boksi ya Series III inapokea gia zote nne za mbele bila ugomvi. Zile za kabla yake zinapokea kwa heshima gia ya tatu na ya nne tu, za chini unazibembeleza.

Sasa kutu. Utasikia watu wanasema Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi yake ni alumini. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula pesa. Gari lile lilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, alumini ikawa rahisi kupatikana. Basi bati za nje zikawa alumini. Lakini chesisi ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, ambao mafundi wetu wanauita faya-woli, nao ni chuma. Weka alumini na chuma zigusane, nyunyiza maji ya chumvi, umeshatengeneza betri ndogo, na alumini ndiyo inayojitoa mhanga. Haigeuki nyekundu. Inafura chini ya rangi, kisha inakuwa unga mweupe. Mlango wa kushoto, ulioelekea upepo, ulikuwa na unga huo ukingo wote wa chini. Niliupitishia kidole, ukabaki kidoleni kama unga wa muhogo.

Sumaku hapa inataka akili. Kwenye bati za nje haitakiwi kushika. Nikaizungusha gari zima, ikashika mahali pamoja tu, kona ya nyuma kulia, kumbe pale palishabadilishwa kwa bati la chuma baada ya ajali. Si neno. Kisha nikaipeleka kwenye faya-woli, ambako inatakiwa ishike kama kupe, nayo ikateleza ikaanguka. Nikairudisha. Ikaanguka tena. Fundi akanitazama, nikamtazama. Puti.

Chanzo chake tulikiona tulipofungua vile vidirisha viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Majani ya mkungu yalikuwa yamejaa mle, ya miaka, mengine mekundu ya juzi, mengine yameshakuwa udongo mweusi. Bisibisi ilizama mle hadi kwenye mpini, na iliporudi ilikuwa imelowa, wakati Bweni ilikuwa haijaona mvua wiki tatu. Mti uliopandwa kulipa gari kivuli ndio ulioliozesha.

Nikatandika kanga nikaingia uvunguni. Chesisi ya 109 ni kama boksi refu la chuma, tupu ndani. Tope linaingia, linakaa, linaila kwa ndani, na kwa nje unaona rangi tu. Ndiyo maana unaigonga badala ya kuitazama. Nyundo ndogo, pigo dogo, kila upana wa kiganja, huku umenyamaza. Chuma kizima kinajibu kwa sauti kavu inayolia hadi kwenye kiwiko. Katikati, chini ya gia boksi, kilijibu vizuri sana, kwa sababu gari lilikuwa likivuja oili tangu enzi hizo na oili imekilinda. Pembe za mbele nzima. Mikono inayotoka pembeni kushika bodi: ya kulia mizima, ya kushoto mmoja una kiraka juu ya kiraka juu ya kiraka, nilihesabu vitatu.

Boriti ya nyuma nikaigonga mara moja. Ikatoa sauti ya ngoma iliyolowa. Mara ya pili nyundo ikapita. Mchanga mwekundu wa kutu ukanimwagikia shingoni, nikasikia kijana anavuta pumzi juu yangu.

Fundi akainama, akachungulia tundu. "Madam, hapa hamna boriti. Hapa kuna kumbukumbu ya boriti."

Nikamwomba kijana msamaha kwa tundu, naye akasema hamna shida, ila uso haukusema hivyo. Kwa wanaoanza: omba ruhusa kabla ya kugonga. Niliomba, na bado ilikuwa aibu.

Injini ni ya petroli, lita 2.25, haijaguruma tangu 2011. Tulitoa plagi, tukamimina oili kidogo kila silinda, tukaiacha. Baada ya chai kijana akaleta hendeli kutoka stoo, ile ya kuzungushia kwa mbele, na fundi akaizungusha. Iligoma, ikakoroma, ikazunguka.

"Umeona Mwalimu? Nzima!"

"Hata feni mbovu ukiizungusha inazunguka," fundi akamjibu.

Msimamo wangu ndio huo. Injini isiyonguruma mbele yangu naihesabu imekufa. Ikifufuka, ni zawadi. Gia boksi na difu, ile ya kugawa nguvu kwa magurudumu, sikuweza kuzijua, na nilizipatia nafasi yake kwenye hesabu kama nitakavyoeleza.

Chai ndiyo iliyonishinda zaidi ya kutu. Bibi mwenyewe, mjane, alitukaribisha ukumbini. Shikamoo, marahaba mwanangu, kashata zikaja. Akasimulia kwamba gari hilo lilikuwa likipeleka wajawazito hospitali ya Bombo, Tanga, usiku wa manane, kivuko kikiwa kimelala wanamwamsha nahodha, na watoto wawili wamezaliwa ndani yake, mmoja sasa ni baharia. Wauza chuma chakavu walikuja mwaka jana wakatoa milioni 1.3. Aliwafukuza. "Watamkata mume wangu vipande," alisema.

Ukisikia maneno kama hayo unatamani kutoa milioni 18 na nauli juu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi na daftari.

Hesabu yangu naianzia mwisho nikirudi nyuma. Sijiulizi gari hili bovu ni la bei gani, kwa sababu hakuna anayejua. Najiuliza, la aina hii, linalotembea, kadi safi, huku kwetu linauzwaje. Nimeyafuatilia. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 wauzaji wamepandisha shingo, ila inayotembea vizuri nimeona ikienda kwa milioni 22. Hapo nikaanza kutoa. Chesisi, boriti mpya ya nyuma na mkono wa kushoto, bati nene na siku za fundi: milioni 1.9. Faya-woli na sakafu, laki tisa. Injini, milioni 3.5. Tairi tano za 7.50-16, milioni 1.75. Breki zote, maana silinda za magurudumu zimeganda, milioni 1.2. Nyaya laki tano, panya wamekula. Milango na rangi milioni 1.3. Lori la kubeba hadi Tanga pamoja na kivuko, laki tano. Jumla milioni 11.55. Inabaki milioni 10.45.

Wengi huishia hapo, na mimi 2016 hata hapo sikufika. Kuna mstari mmoja zaidi, ninaouita "nisichokiona". Ni moja ya tano ya jumla ile ya gharama. Humo ndimo gia boksi na difu zilimokaa. Milioni 2.31. Ikabaki milioni 8.14. Nikaipigia mstari mara mbili, nikafunga daftari ili moyo usiiguse.

Lakini kadi ilikuwa ya jina la marehemu, na hilo ni zito kuliko boriti. Nikauliza kama mirathi imefunguliwa. Bibi akamtazama kijana, kijana akatazama kashata. Haijafunguliwa, miaka sita. Watoto watano, mmoja yuko Muscat. Bila msimamizi wa mirathi mwenye barua ya Mahakama ya Mwanzo, hakuna mtu pale mwenye haki ya kuniuzia hata honi, wala mimi sina njia ya kuhamisha umiliki kule TRA, mamlaka ya mapato. Nikalisema taratibu, kwa kuwa ni neno la msiba na si la soko. Bibi akasema, "Umesema kweli mwanangu. Tumekuwa tukiogopa kulianza."

Kuhusu bei sikuficha kitu. Nikamfungulia daftari, nikamsomea mstari kwa mstari, na kwenye boriti ya nyuma nikamwambia kijana athibitishe, akathibitisha. Nikatoa milioni 7. Bibi akasema 12. Fundi akakohoa. Kijana akasema 10, mimi nikasema 7 na nusu, na sote tukanyamaza tukisikiliza kivuko kinavyonguruma mtoni. Mwisho bibi akaniuliza swali moja: utaikata?

Nikasema sitaikata.

Tukamaliza milioni 8 na laki mbili, sitini elfu juu ya daftari. Fundi alininunia hadi Pangani mjini. Sikutoa hata senti ya arubuni. Tuliandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba bei ni hiyo na malipo yatafanyika msimamizi akishapata barua. Gari liko palepale. Nilimwomba kijana atoe majani yote kwenye vidirisha vya hewa na alifunike kwa turubai. Jumamosi alinitumia picha: turubai lipo, na kuku wameshalikalia.

Kikao cha ukoo ni wiki ijayo, wa Muscat atasikiliza kwa simu. Wakati huohuo natafuta boriti ya nyuma ya 109 iliyo nzima, au hata ya kuchongea mfano, na mlango wa kushoto wa mbele. Aliye nayo Korogwe, Muheza au popote penye shamba la mkonge lenye gereji ya zamani, anijulishe. Nitakuja na nyundo.