Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Barafu kwa Rada

Wadogo zangu kule Tanga wanaamini kaka yao analipwa kupiga picha za milima kutoka angani. Mimi ni fundi wa rada. Napima unene wa barafu huku Uswisi kwa mawimbi ya redio yanayopenya barafu, kugonga mwamba ulio chini na kurudi kama mwangwi, na siku yenyewe huwa hivi.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, betri zimejaa, nyaya nimezikagua. Saa moja tuko kwenye uwanja wa helikopta katika bonde la mto Rhône, tunafunga fremu ya antena itakayoning'inia chini ya helikopta. Fremu ni ya mbao, kwa sababu chuma kingerudisha mawimbi na kuvuruga kipimo.

Saa mbili na nusu tuko tayari, lakini haturuki. Mvua hakuna, upepo hakuna, ila wingu jepesi limetanda juu ya Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote katika milima ya Alps. Wingu la namna hiyo hufuta vivuli. Theluji na anga huwa weupe mmoja, na rubani hawezi kukadiria kwa macho antena iko juu ya theluji kiasi gani. Saa tatu akasema bado. Saa nne, bado. Nikazima rada kuokoa betri, nikaiwasha kuijaribu, nikaizima tena. Baridi ya sakafu ya zege ikanipanda hadi magotini. Na kusema turudi Julai haiwezekani: wakati wa joto maji hujaa ndani ya barafu, mawimbi yakatawanyika kabla ya kufika mwambani. Hiki cha mwisho wa baridi ndicho kipindi chetu. Hata hivyo sikumlaumu rubani. Anayeruka chini vile, na mzigo unaning'inia, akisema hapana amesema.

Mchana jua likatoboa, tukaruka. Mstari, kugeuka, mstari mwingine, polepole, shingo imekakamaa juu ya skrini. Pale Konkordiaplatz, sehemu ya Aletsch, barafu inakaribia mita 800. Ndani yake wimbi la redio hukimbia takriban mita 168 kwa mikrosekunde (sehemu moja ya milioni ya sekunde), hivyo mwangwi wa mwamba hurudi baada ya mikrosekunde 9 na nusu hivi. Ulipojitokeza kule chini, hafifu lakini haukatiki, nilijivunia kazi hii kwa moyo wote. Mwaka 2022 na 2023 pekee, Uswisi ilipoteza asilimia 10 ya barafu yake. Setilaiti huona uso ukishuka. Kilichobaki hakijulikani mpaka mtu apime sakafu ya barafu hiyo.

Tulipotua sikutazama hata saa. Nakala mbili za data, kisha uchambuzi hadi usiku, maana kuta za bonde nazo hurudisha mwangwi unaofanana kabisa na wa mwamba wa chini. Mistari miwili imeharibika hivyo. Kesho tukipata mwanga tutairudia, antena ikiwa imeelekezwa sambamba na mkondo wa barafu.