Siku moja na Zabbix 6.0: foleni, michakato na proksi

Saa 2:00 asubuhi. Ukurasa wa kwanza kufunguliwa kwenye Zabbix, programu ya kufuatilia afya ya seva na vifaa vya mtandao, ni Queue (foleni). Humo mna vipimo ambavyo muda wake umepita bila kuchukuliwa. Vichache vya sekunde 5 si neno. Leo safu ya zaidi ya dakika 10 inajaa, na karibu vyote ni vya SNMP, itifaki ya kuuliza hali ya vifaa vya mtandao.

Saa 3:00. Grafu za michakato ya ndani. Kiolezo cha afya ya seva hutoa onyo mchakato ukiwa na shughuli kwa zaidi ya 75% ya muda. Pollers wa kawaida, yaani michakato inayochukua vipimo, wamepita hapo, na unreachable poller, anayejaribu tena vifaa visivyojibu, yuko 100%. Wengi hukimbilia kuongeza StartPollers, idadi ya pollers. Mimi hutazama Timeout, muda wa kusubiri jibu, kwanza. Chaguo-msingi ni sekunde 3, na StartPollersUnreachable ni 1: mchakato mmoja, bila kuhesabu marudio, humaliza vipimo 20 vilivyokwama kwa dakika. Hapa Timeout imepandishwa hadi 30, pengine ili kunyamazisha kengele. Sasa ni vipimo 2 tu kwa dakika. Umeme ukikatika kwenye swichi 40, duru moja ya kuzijaribu tena inachukua dakika 20.

Marekebisho kwenye zabbix_server.conf: Timeout=4, StartPollersUnreachable=5, StartPollers kutoka 5 hadi 15. StartDBSyncers, idadi ya michakato inayoandika data kwenye hifadhidata, inabaki 4. Hao wanatosha takriban thamani 4000 kwa sekunde, na wakizidi huanza kugombania hifadhidata.

Saa 4:30. Kila poller anashika muunganisho wake wa hifadhidata. PostgreSQL huja na max_connections (kikomo cha miunganisho) 100, MySQL 151, na kiolesura cha wavuti nacho kinakula humo humo. `SELECT count(*) FROM pg_stat_activity;` inaonyesha takriban miunganisho inayotumika; itoe kwenye max_connections kupata nafasi iliyobaki. Isipotosha, ongeza max_connections kabla ya kugusa Zabbix, maana PostgreSQL yenyewe itahitaji kuwashwa upya.

Saa 6:00 mchana. Kuwasha seva upya. Amri ya `-R config_cache_reload` haisaidii hapa: inasoma upya vifaa na vipimo kutoka hifadhidata, si idadi ya michakato iliyo kwenye faili. Seva ikichelewa kuzima, iache. Inamwaga kache ya historia kwenye hifadhidata, na `kill -9` itaitupa data hiyo.

Saa 8:00. Proksi (seva ndogo inayokusanya vipimo kwa niaba ya seva kuu) ya tawi lililo nyuma ya NAT, yaani lenye anwani za ndani zinazofichwa na kipanga njia, iko katika hali tuli (ProxyMode=1), yaani seva ndiyo inayopaswa kuipigia, na haiwezi kuifikia. Inahamishwa kwenda hali amilifu, ProxyMode=0, ili yenyewe ipige bandari 10051 ya seva. Mambo matatu husahaulika. Server= sasa ni anwani ya kuunganishwa, si orodha ya wanaoruhusiwa. Hostname lazima ifanane na jina lililo kwenye wavuti hadi herufi kubwa na ndogo. Na hali ibadilishwe kwenye wavuti pia, la sivyo seva itaikataa.

ConfigFrequency, muda kati ya proksi kuvuta usanidi mpya, ni sekunde 3600, kwa hiyo swichi mpya inaweza kusubiri saa nzima kabla proksi haijaijua. 300 inafaa zaidi. ProxyOfflineBuffer, muda ambao proksi hutunza data isipoifikia seva, ya saa 1 ni ndogo mno kwa laini inayokatika usiku kucha. Weka 24, ukihakikisha diski inatosha.

Saa 10:30. Foleni imeshuka, pollers wako chini ya 40%. Wasipunguzwe leo: chelezo ya hifadhidata huanza saa 8 usiku, na grafu ya saa hiyo ndiyo ya kutazama kesho.