Chakula Kilichofunikwa kwa Kawa

Agosti 2015 tulikuwa vijana 22 ndani ya ukumbi wa kukodi pale Tononoka, Mombasa, tukifunzwa kazi ya kutetea haki za binadamu kwa siku sita. Nilikuwa na miaka 21, navuka feri kutoka Likoni kila alfajiri. Wenzangu walitoka Kisauni, Changamwe, Kwale, na mmoja Malindi. Wengi tulikuja na hasira. Miaka ile mitaani kwetu kulikuwa na vijana waliochukuliwa usiku wasirudi, na kila mmoja wetu alijua angalau nyumba moja yenye msiba usio na kaburi.

Mwalimu wetu alikuwa wakili, mama wa makamo, sauti yake ya chini mpaka ukumbi wote unanyamaza ili umsikie. Siku mbili za kwanza tulisoma Katiba ya 2010. Kifungu cha 49 tulikikariri kama watoto wa chuoni: aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na wakili, afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Kisha cha 25, chenye mambo manne yasiyoweza kuwekewa mipaka: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki kortini, na amri ya korti kwamba mtu aliyezuiliwa aletwe mbele ya jaji. Hilo la nne, kijana wa Changamwe aliomba lisomwe tena. Hakusema kwa nini, wala hakuna aliyemwuliza.

Siku ya nne tulitumwa wawili wawili kwenda kuandika taarifa za watu waliokubali kutupokea. Mimi na binti wa Kwale tulipanda matatu, tukavuka daraja la Nyali mpaka Kisauni, kwa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ametoweka miezi mitano. Tukapiga hodi, tukamwamkia, akatukaribisha jamvini. Alisimulia kwa muda mrefu, mara nyingine akirudia jambo lile lile, mikono yake ikikunja na kukunjua upindo wa leso. Mimi niliandika mbio. Machozi yalinilenga, na nilijiona nafanya kazi kubwa.

Jioni wakili alisoma karatasi yangu, kisha akaniita kando.

"Umeandika saa tatu usiku. Mama ana saa?"

Nikasema sikumbuki kuiona.

"Yeye alisema saa tatu?"

Hakusema. Alisema alikuwa amemaliza kuswali isha, anafunika chakula cha mwanawe kwa kawa, aliposikia gari. Lile la kawa sikuliandika. Nililiona ni jambo la jikoni, halina uzito kortini.

"Sasa wakili wa upande wa pili atamwuliza, mama, saa tatu uliijuaje? Atasema hajui. Basi, hapo utakuwa umempokonya mama huyu ushahidi wake, wewe uliyekwenda kumsaidia. Isha kila mtu msikitini anaijua ilisaliwa lini. Kawa ndiyo saa yake."

Nilishikwa na aibu. Usiku ule, ndani ya feri, nilirudia neno kwa neno yale niliyoyasikia, nikagundua sehemu nyingi nilizokuwa nimemsemea. Nilikuwa nimeandika "polisi". Yeye alisema "wanaume wanne, mmoja ana redio ya mkononi". Kuwa ni polisi mimi niliamini, na hata leo naamini. Lakini aliyeona ni yeye.

Kesho yake tuliomba ruhusa turudi. Nilimsomea taarifa mpya, sentensi moja moja. Kuhusu kituo cha polisi alikokwenda asubuhi yake, akaambiwa jina la mwanawe halimo katika OB, daftari la matukio la kituo, akaitikia kwa kichwa. Kuhusu namba ya OB ya ripoti yake mwenyewe, akafungua mkoba, akatoa kikaratasi kilichochakaa kwa kukunjwa, akanipa niinakili. Miezi mitano alikuwa akitembea nacho. Nilipofika kwenye sentensi ya gari akanikatiza.

"Siyo gari jeupe, mwanangu. Nilisema taa nyeupe. Gari sikuiona rangi, taa ziliniingia machoni."

Nikafuta. Mwenzangu akanitazama, naye akaanza kukagua karatasi yake upya.

Tulikaa pale karibu saa mbili kwa kurasa mbili tu. Nikamweleza kwamba taarifa ile wakili angeweza kuitumia kuomba korti iwaamuru waliomzuilia wamlete, na kwamba nakala ingepelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Sikumwahidi zaidi ya hapo, kwa sababu tulikuwa tumeonywa tusiahidi, na kwa sababu macho yake hayakuwa yakiomba ahadi.

Mwisho nikamwuliza kama kuna la kuongeza kabla hajaweka dole gumba. Alinyamaza kitambo.

"Kile chakula umekiandika?"

"Nimekiandika, mama. Kwamba ulikifunika kwa kawa baada ya isha."

"Andika ni wali wa nazi na samaki. Anaupenda sana."

Nikaandika "anaupenda", kama alivyosema. Nikamsogezea kidau cha wino.