Ganeti Niliyoivunja Muheza

Mwanangu amekishusha kile kikopo cha juu ya kabati, akamwaga vilivyomo kwenye sinia na kuanza kuvipanga mfano wa vigae vya chungu. Vipande vyekundu, vilivyokolea, vingine kama mbegu za komamanga.

"Baba, hili lilikuwa jiwe moja?"

Lilikuwa moja.

Tulikwenda na mjomba Jumapili ya kiangazi kutafuta ganeti, yale mawe mekundu ya vito, daladala hadi Muheza, kisha bodaboda kuelekea milimani. Hatukufika hifadhi ya Amani. Mle hata kokoto huokoti. Tuliishia kwenye shamba la michungwa. Mjomba alimwamkia mzee mwenye shamba, akaomba ruhusa, tukaonyeshwa kijito. Ruhusa ile ilikuwa ya kuingia tu: madini ni mali ya umma, na anayetaka kuuza lazima awe na leseni.

Wengi wa Tanga wakitajiwa mawe hukimbilia mapango ya Amboni. Kule ni mawe ya chokaa. Ukiyadondoshea ndimu yanatoa vipovu, na kisu kinayakwaruza. Ganeti hazaliwi humo. Yeye anataka joto na mgandamizo wa chini kabisa ya ardhi, na miamba ya milima hii ya Usambara imepitia hayo: ni aina iitwayo naisi, yenye mistari ya weusi na weupe, na ulanga unaometa juani.

Kijitoni hatukuchota mchanga wa juu. Mjomba alichimba nyuma ya jiwe kubwa, mahali maji yanapopoteza nguvu, mpaka koleo likagonga mwamba. Ganeti ni mzito karibu mara 4 ya maji, kwatsi, yale madini meupe yaliyojaa mchangani, mara 2.65 tu, kwa hiyo ganeti hulala chini. Karai tulilijaza nusu, tukatoa kokoto kwa mkono, tukalitikisa ubavu kwa ubavu ndani ya maji ili vizito vizame, ndipo tukaliinamisha kidogo na kuzungusha. Ukianza kuzungusha kabla ya kutikisa, unamwaga ulichokifuata. Chini ulibaki mchanga mweusi. Sumaku ikaunyonya sehemu kubwa, zikabaki punje nyekundu.

Nilipoinua macho nikaliona ukingoni.

Lilikuwa ndani ya mwamba, saizi ya ndimu, limezungukwa na pete nyeupe ya madini ya felspa. Nyuso zake bapa zilionekana tatu, kila moja ina pembe nne. Ganeti kamili wa namna ile huwa na nyuso 12. Niliweka kidole juu yake; lilikuwa la baridi na laini, na jua lilipopita katikati ya majani, ndani yake kukawaka wekundu. Sijui nilikaa pale muda gani. Mjomba alikuwa bado ameinamia karai lake.

Nikachukua nyundo, nikapiga pembeni mwake, upana wa kidole kimoja tu.

Sauti ilikuwa ndogo, kama kuvunja sukari guru.

Ugumu wa ganeti ni kama 7 kwenye kipimo cha 1 hadi 10, kisu hakiliwezi, lakini huo ni ugumu wa kukwaruzwa. Pigo ni jambo jingine. Ganeti wengi wa milimani wamejaa nyufa za zamani ndani, nawe huzioni. Ilipasa niweke tindo umbali wa kiganja, nichonge mfereji kuzunguka, kisha nitoe bonge zima la mwamba na kulimalizia nyumbani taratibu.

Mjomba hakusema neno. Alivua kofia yake ya kiua, akaokota kipande kimoja kimoja, akavitia humo.

"Kwa nini usingeliacha?" mwanangu ameniuliza. Nimemwambia masika yangelitoa siku moja, lianguke kijitoni, lisagike liwe punje za kwenye karai. Pengine. Pengine lingekuwa bado liko pale ukingoni. Hakunijibu. Amepata vipande viwili vinavyoshikana sawasawa, anatafuta cha tatu.